Gobori la Kufungia Mlango

Kaka yangu alinipa gobori ili anidhalilishe. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kwa sababu wapo watu Kariakoo waliokuwa wakisimulia kwamba alinipa kwa mapenzi, na watu hao wote walikuwa wakinywa kahawa yake barazani.

Ilikuwa baada ya arubaini ya baba, miaka ile ya baina ya vita viwili, Waingereza wamekwisha kutulia na kuanza kutupangia kila kitu. Pilau ilikuwa imeliwa, masufuria yanakwanguliwa uani, na wazee wamekaa ukumbini kusikiliza mali ya marehemu inavyogawanywa. Mimi nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi kwetu na sanduku langu la nguo, na kaka hakunisamehe kuachwa huko, utadhani nilimwacha yeye. Nyumba ya vyumba sita akachukua. Kitanda cha samadari akachukua. Mbuzi, minazi ya shamba la juu, hata birika la kunawia, vyote vikawa vyake. Sheria inampa mtoto wa kike nusu ya fungu la kaka yake, na hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua hivyo. Kaka alikuwa amehitimu chuo, tena kwa sifa, lakini mchana ule elimu yote ilimtoka. Akasema fungu langu ni jaruba la mpunga bondeni Msimbazi, lile lililokuwa likiliwa na nguruwe mwitu tangu baba alipoanza kuugua.

Kisha akaingia chumbani, akatoka na gobori la baba amelishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, akalilaza mbele ya miguu yangu.

"Na hili nalo chukua," akasema, wazee wote wanasikia. "La kufungia mlango. Mwanamke asiye na mume anahitaji komeo."

Wazee wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa na kahawa, na mwenzake akampiga mgongoni. Nikaliokota gobori langu, nikaondoka siku hiyo hiyo, nikapanga chumba jirani na soko. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua hata kwa mume aliyeniacha.

Kwa macho halikuwa kitu. Mtutu mrefu wenye mabaka ya kutu, kitako kimepasuka kikafungwa kwa waya wa shaba, mtambo unaolia ukiuvuta. Ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni, unapiga mara moja, halafu unaanza upya kazi yote. Bunduki za maana zilikuwa za Wazungu, na za mfanyabiashara mkubwa, Mhindi au Mwarabu, aliyejua kujieleza bomani. Sisi wenyeji tuliachiwa magobori, tena kwa kibali, kwa kuwa serikali iliona gobori haliwezi kumtisha mtu yeyote wa maana. Nilipokwenda kuliandikisha, karani, mtu mweusi kama mimi, alilitazama akaniuliza kama nimekuja kutafuta kibali au sanda. Nilimweka pamoja na wale wazee.

Lakini nilijua jambo moja ambalo kaka hakujali kulijua. Baba alikuwa akilipiga gobori lile kila Idd na kila arusi ya mtaani, na sikuwahi kusikia likikataa. Baruti yake aliitia katika kibuyu, akaziba mdomo kwa nta, akakifukia kibuyu ndani ya pipa la pumba za mpunga, masika na kiangazi. Pumba hunyonya unyevu. Kaka aliliita pipa lile takataka, akaagiza litupwe. Nililibeba kichwani mwenyewe kutoka nyumba ile hadi chumbani kwangu.

Mwaka wa kwanza nililinda shamba kwa kupiga debe. Kibuyu sikukigusa, kwani nililiogopa gobori kama wanawake wote wa mtaani tulivyofundishwa kuliogopa. Nguruwe wa Msimbazi walikuwa wamezoea madebe, nadhani walikula kwa kufuata mdundo. Sikuvuna hata ungo mmoja.

Ndipo nikaitwa na jumbe wa bondeni, aliyekuwa akigawa majaruba ya upande ule. Nikamkuta kaka ameshakaa kwenye mkeka, ameweka miguu vizuri. Nyuma ya shauri lile nilimjua aliyekuwepo: mwenye duka mmoja wa Kiarabu, rafiki yake kaka, aliyekuwa akiyataka majaruba yetu ili apande miwa.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Wajua desturi yetu. Jaruba la bondeni ni la anayevuna. Mwaka jana umelisha nguruwe. Na mwaka huu usipovuna, nitampa kaka yako, yeye ataweza kulilinda."

"Atalilinda kwa nini?"

"Kwa bunduki," kaka akadakia. "Bunduki, dada, si komeo la mlango."

Jumbe akatazama chini. Alikuwa mtu mzuri kwa siku zisizokuwa na kazi.

Jaruba lile ndilo lililokuwa baina yangu na nyumba ya kaka. Likitoka mikononi mwangu, sina chakula, sina kodi ya chumba, narudi kula makombo ya mke wake, na makombo yenyewe yasingekuwa ya muda mrefu, maana alikuwa ameshanitafutia mume: mzee mmoja wa Gerezani mwenye kikohozi, aliyekuwa ameshazika wake zake na anatafuta mwingine wa kumkanda miguu. Kaka aliniambia hayo uso mkavu, kama mtu anayeuza ng'ombe. Nikamwambia bora nguruwe.

Bunduki yake alikuwa ameazimwa na yule mwenye duka. Ilikuwa ya mitutu miwili, kitako kinang'aa, na mkanda wa risasi za marisau, zile za punje punje, zenye maganda ya karatasi nyekundu na vitako vya shaba. Kwa sheria kaka hakuruhusiwa hata kuigusa. Wakapatana kwamba askari akiuliza, mwenye duka atasema kaka ni mtumishi wake, anambebea tu. Kaka yangu, mwenye nyumba ya vyumba sita, akaridhia kuitwa mpagazi ili nami nikose mpunga.

Masika nzima alikaa barazani amevaa mkanda ule juu ya kanzu. Kila alasiri alizitoa risasi, akazipaka mafuta ya nazi moja moja, akazisugua mpaka shaba ikang'aa, kisha akazirudisha. Hakuna aliyeona kosa. Sisi watu wa pwani mafuta ya nazi tunapaka nywele, tunapaka watoto, tunapaka bawaba na cherehani, kwa hiyo risasi nazo kwa nini zisipate? Nami nilipita pale na kikapu changu, nikaona zinavyowaka, nikazidi kumchukia. Nilidhani nimekwisha.

Katika nyumba niliyopanga aliishi fundi wa karakana ya reli, Mkristo kutoka Kilimanjaro, mtu wa maneno machache. Siku moja nilikuwa nimekaa uani nasugua mtutu kwa mchanga na majivu. Akasimama, akatazama, akauliza nataka kupiga nini.

"Nguruwe."

"Nguruwe mzima?" Macho yakamtoka. "Sasa akianguka, mama, nyinyi mtamfanya nini?"

"Sisi hatumgusi."

Kesho yake akaniletea konzi ya vipande vya misumari mikubwa iliyokatika, vitu vya kutupwa huko karakana. Akaniomba jambo moja tu, kwamba nguruwe akianguka, aitwe kabla ya fisi. Ndiye mtu pekee Dar es Salaam nzima aliyeamini gobori langu, na aliamini kwa sababu ya tumbo. Nilimshukuru vilevile.

Mpunga ukawiva. Nguruwe huja wakati ule mbingu imeanza kupauka na ndege hawajaamka sawasawa. Nikapanda juu ya ulingo, lile jukwaa la miti tunalokaa kufukuza ndege, na gobori nimelishindilia kama nilivyomwona baba: baruti, makumbi ya nazi, mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka mkono unauma, misumari, makumbi tena, mdeki tena, kisha fataki ya kuwashia mahali pake. Kaka akaja baada ya sala ya alfajiri. Alimleta jumbe awe shahidi kwamba mimi nimeshindwa na yeye ameweza, jinsi alivyokuwa na hakika. Akasimama kwenye tuta, kanzu ameipandisha, mkanda unang'aa.

"Shuka huko," akaniambia. "Utajiua."

"Nikijiua utafurahi, kwa hiyo sishuki."

"Wanangu," jumbe akasema, na papo hapo matete yakatikisika.

Nguruwe wakatoka. Walikuwa kundi, majike na watoto, na mbele yao dume moja lenye mgongo wa manyoya magumu, linatembea ndani ya mpunga wangu kama limerithi. Kaka akainua bunduki, akalenga vizuri, maana sitasema uongo, alijua kusimama. Akavuta. Ikasema ta. Akavuta ya pili. Ikasema ta. Akaifungua, akatoa, akatia nyingine, vidole vinateleza kwa mafuta. Ta. Mafuta ya nazi yalikuwa yameingia hadi tumboni mwa zile risasi, yakailowesha baruti, masika nzima, kidogo kidogo, kwa mikono yake mwenyewe.

Dume likainua kichwa. Likamwona. Sijui ni ile shaba au ni ile kanzu nyeupe, lakini likaacha mpunga likamwendea mbio. Jumbe akarudi nyuma, akaingia mtaroni. Kaka akaitupa bunduki ya mwenye duka matopeni, akageuka akimbie, na tuta likamtelezesha akaanguka kwa magoti.

Wapo wanaosema nilimwokoa ndugu yangu. Nataka ieleweke: dume lilikuwa limepita chini ya ulingo wangu, karibu kiasi kwamba hata mwanamke asingelikosa, na mpunga ulikuwa wangu. Nikaweka kitako begani, nikavuta mtambo, ukalia kilio chake cha siku zote, nikafyatua.

Sikusikia mlio. Nilipigwa bega, nikatupwa nyuma kutoka juu ya ulingo, nikajikuta nimekaa ndani ya maji na moshi mweupe umefunika kila kitu. Moshi ulipopungua niliona matete yanatikisika, kundi linakimbilia mtoni, na dume limelala juu ya tuta, pua yake karibu na kiatu kimoja cha kaka. Kaka mwenyewe alikuwa mbali kidogo, hana kiatu.

Jumbe akatoka mtaroni, akalitazama dume, akalitazama gobori mikononi mwangu, lile lililokuwa na waya wa shaba kitakoni.

"Kumbe!" akasema. "Kitu hiki?"

Kaka alikuwa anapapasa matopeni akitafuta bunduki ya watu.

Nikamwita fundi wa reli kama nilivyoahidi. Akaja na mwenzake na mkokoteni, wakampakia nguruwe, wakamfunika gunia lisilomtosha, miguu yote ikabaki nje. Sikumwambia apite wapi. Nilimwambia tu kwamba mtaa wa baraza la kaka hauna mchanga mwingi, magurudumu hayatazama. Akapita. Saa ile kahawa ilikuwa imekwisha kumiminwa, na watu wote barazani wakainua kanzu zao wasiguswe, wakauliza ni nani aliyempiga, na fundi, mtu wa maneno machache, akawaambia.

Nguruwe hawakurudi mwaka ule. Nilivuna, nikapeta, nikajaza chumba magunia mpaka nikawa nalala juu yake. Jumbe alitamka mbele ya watu kwamba jaruba ni langu. Alitamka haraka, apate kuondoka.

Basi alasiri moja kaka akanibishia hodi, nikamfungulia, akasimama kizingitini. Alikuwa amevaa kofia mpya. Akaniita dada yangu, neno ambalo tangu baba azikwe alikuwa akilitoa kama mtu anayetema mbegu, na sasa likamtoka laini. Akauliza hali ya bega. Akasifu chumba. Kisha akalifikia lililomleta. Gobori la marehemu, akasema, lina baraka, mji mzima unalizungumza. Si vizuri silaha ya baba kukaa kwa mtoto wa kike. Watu wanasema. Yeye alikuwa ameniazima tu kwa huruma, na sasa wakati umefika lirudi nyumbani, akalitunze.

Alikuwa na haja nalo. Mwenye duka alimdai fidia ya bunduki iliyojaa matope, hakumwazima tena, na mpunga wa shamba jingine la kaka ulikuwa bado haujavunwa. Lakini mimi nilijua pia mwaka utakaofuata angesimama mbele ya jumbe akiwa na gobori mkononi, na mimi nikiwa na debe.

"Kaka," nikamwuliza, "siku ya arubaini, mbele ya wazee, ulisema hili ni la nini?"

Akakunja uso. "Yale yalikuwa mazungumzo tu."

"Ulisema ni la nini?"

Nilimtazama mpaka akatazama pembeni, mtoto wa baba yangu na mama yangu, na sikumwonea huruma hata kidogo. Fundi wa reli alikuwa amenipigilia vyuma viwili vilivyopinda, kimoja kila upande wa mlango, kwa ndani. Nikamfungia kaka nje. Nikalichukua gobori pembeni, nikalilaza juu ya vyuma vile, mtutu huku, kitako huko.

Akaita. Akagonga. Kisha akasukuma kwa bega, kwa nguvu, mara nyingi, mpaka majirani wakatoka kutazama. Halikutikisika.