Ada ya Kusema Hewani

Karani wa Mamlaka ya Mawasiliano alipekua kompyuta yake, akatikisa kichwa. "Malalamiko kuhusu ada mpya? Hatujapokea hata moja, mama."

Fundi cherehani alihisi damu ikimpanda kichwani. "Hata moja? Acha mzaha, kijana! Tumelalamika miezi mitatu, kila siku asubuhi!"

"Mlilalamikia wapi?"

"Hewani!"

Usicheke. Watu wa redio za ridhaa ndivyo walivyo. Wana mitambo yao sebuleni, wanaongea na wenzao wa karibu na mbali kwa kupenda tu, hawalipwi senti. Na wanajua fika kwamba Mamlaka ina watu wanaosikiliza mawimbi, maana mwaka jana mmoja wao alisahau kutaja alama yake ya wito, zile herufi na namba za kumtambulisha, na onyo likamfikia wiki hiyohiyo. Basi ada ya leseni ilipotangazwa kupanda mara nne, wakawa wanaisihi Mamlaka hewani, kwa zamu na kwa adabu, wakiamini wamesikika.

"Wale wasikilizaji kazi yao ni kukamata makosa," karani alisema kwa upole. "Kulalamika si kosa."

Mama wa watu alitoka pale. Alikasirikia Mamlaka, akajikasirikia na yeye, lakini zaidi alimfikiria kaka yake. Yeye mwenyewe angejibana, angeshona nguo mbili tatu za ziada na kulipa. Kaka je? Miaka sita iliyopita alianguka kwenye mlingoti akifunga antena, akaumia uti wa mgongo, na tangu hapo yuko kitandani chumba cha nyuma, maikrofoni kifuani. Ndiye anayeongoza kikao cha asubuhi hewani. Anaita wenzake mmoja mmoja kwa alama zao, huyu kaamkaje, yule homa imepungua? Asipolipa kufikia mwisho wa mwezi leseni inafutwa, na alama yake anapewa mwingine. Chumba kile kitabaki na kitanda na dari.

"Iuze redio yangu, mdogo wangu," alimwambia jioni ile. "Tubaki na yako."

"Kaka, hilo neno limeze na usilitapike tena."

Kesho yake kwenye kikao cha hewani fundi aliwatolea uvivu wote. "Sisi ni majuha! Tumekaa tunaambiana wenyewe kwa wenyewe! Nani alikwenda ofisini?" Muuguzi alidhani mwalimu wa fizikia kashakwenda. Mwalimu alidhani muuguzi. Halafu dereva wa lori, kwa sauti ya chini, akakiri kwamba yeye alikwenda, ila aliombea leseni yake tu, akaambiwa ataangaliwa.

"Utaangaliwa!" alifoka fundi. "Na sisi tufumbiwe macho, siyo? Alhamisi sitaki kusikia sauti ya mtu hapa. Nataka kuona sura, kule ofisini."

Wakaja. Ukumbi wa Mamlaka ulijaa watu waliojuana miaka mingi bila kuonana. Yule mwenye kisauti chembamba kumbe ni pande la mtu! Walishikana mikono na kucheka mpaka Mkurugenzi alipoingia, akatazama saa yake.

"Chagueni msemaji mmoja. Wengine mngoje nje."

Hakuna aliyetoka. Fundi cherehani alisimama, akataja alama yake kama alivyozoea, akaanza. Hajafika mbali, Mkurugenzi akamkatiza: sheria ni sheria, gharama zimepanda. Fundi alinyamaza, akamwacha amalize, kisha akaanza upya toka neno la kwanza. Hewani mkisema wawili kwa pamoja hakuna anayesikika, kwa hiyo aliyeingiliwa hurudia yote. Alipomaliza akampasia muuguzi. Mkurugenzi akamkatiza muuguzi naye, muuguzi akarudia yote. Dereva wa lori alikatizwa mara tatu, na mara tatu akaanza kwa kutaja alama yake, jasho likimtoka. Kufikia kwa mwalimu, Mkurugenzi alikuwa ameegemea kiti, kimya.

Kisha fundi akaita alama ya kaka yake.

Ukumbi mzima ulitulia. Ndiyo desturi yao, mtu akiitwa hupewa nafasi ya kujibu. Mkurugenzi aliangaza huku na huku. "Nani huyo? Mbona hajibu?"

"Yuko kitandani, hawezi kutembea!" Sauti ya fundi ilipasuka. "Angekujibu hewani, lakini huko ndiko mnakotaka kumfukuza. Mtu hana miguu, mnataka kumkata na ulimi?"

Mkurugenzi alikohoa, akanong'onezana na msaidizi wake. "Sikuwa na habari hiyo," alisema. "Sawa. Kwa kuwa ni mgonjwa, atalipa ada ya zamani. Mwambie asiwe na wasiwasi."

Fundi alisita. Alichokuja kukitafuta kilikuwa mezani, kimeiva. Angesema ahsante akaenda zake. Aliwatazama wenzake, na dereva wa lori akainamisha macho. Hasira ikampanda upya, maana alijua sasa jinsi yule dereva alivyonaswa.

"Mwambie mwenyewe," alisema, akamsogezea redio yake ya mkononi.

"Mimi? Sina leseni ya hii."

"Usiogope. Nikiwa hapa ubavuni, yangu inakutosha."

Kicheko kilizuka nyuma. Fundi akamwita kaka yake, akasema kuna mgeni, akambonyezea Mkurugenzi kitufe. Mkurugenzi akajitambulisha kwa cheo, akasema kwamba Mamlaka imefikiria hali yake na imeamua alipe ada ya zamani. Fundi akaachia kitufe.

Redio ilikwaruza kidogo. Sauti ya kaka ikatoka, tulivu, ileile ya kila asubuhi.

"Nimekupata vizuri, Mkurugenzi. Ni mimi peke yangu, au ni wote?"

Mkurugenzi aliitazama redio, akawatazama wale watu waliokuwa wakimpa nafasi ya kujibu, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha kuwa na haraka. Alijaribu kumrudishia fundi redio. Fundi alikunja mikono.

Akakitafuta kitufe mwenyewe, akakibonyeza.

"Wote," alisema.