Jua la Jana, Jua la Leo

Nimeolewa Kilungu, upande wa Makueni, ambako tunaamka kwenye ukungu na maparachichi huanguka yenyewe. Mama yangu bado yuko Kyuso, kaskazini mwa Kitui, kwenye joto, mbuzi na ndengu. Kila Januari mimi huenda kumsaidia kuvuna. Dada yangu mkubwa hawezi kuja. Yeye yuko Kanada, mashambani kabisa, akimtunza bibi mmoja mjane.

Mwaka ule tulikuwa uani tukipura ndengu kwa fimbo dada alipopiga simu ya video. Kwetu jioni ilikuwa inaingia. Kwao ndio kwanza wananywa chai ya asubuhi, na nje ya dirisha theluji ilikuwa imefunika kila kitu.

"Mwaitu," nikamwita mama, kama tunavyomwita kwa Kikamba, "njoo usalimie."

Mama akachungulia. "Hawa wanaamka saa hii? Nani amekamua?"

Dada akamtafsiria yule bibi huku akicheka. Bibi hakucheka. Alisema enzi za mume wake waliamka kabla ya jua, kisha akauliza tunapiga nini pale chini. Mama akainua konzi ya ndengu mpaka ikajaza simu yote. Bibi akasema yeye na marehemu walilima kamande, ndugu yake ndengu, maisha yao yote, na ingawa shamba amemkodishia jirani, bado analiona akiwa kitandani.

Basi wakaanza. Wadudu, magugu, mvua inayokuja mavuno yakiwa yamekauka shambani. Dada alitafsiri mpaka chai yake ikapoa.

Tangu hapo, jioni nyingine mama alikuwa anaoga mapema, anajifunga leso safi, anangoja simu. Kilichomshinda ni saa. "Sisi tukimaliza siku, wao wanaianzaje?" Nikachukua chungwa na tochi nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu, kisha akalimenya lile chungwa.

Mwezi wa sita goti lake lilimsumbua, nikaenda kukaa naye. Alfajiri moja simu ikalia. Dada alisema bibi ameanza kudhoofika na ameomba atolewe nje kwa kiti cha magurudumu. Kwenye simu tuliona kamande changa, kijani hadi mwisho wa macho, na juu yake jua kubwa jekundu.

"Hilo ni jua gani?" mama akauliza.

"La jana, Mwaitu. Huku bado ni jana. Linazama."

Mama akaichukua simu mkononi mwangu, akaielekeza mashariki, ambako la kwetu lilikuwa linachomoza nyuma ya migunga. Wakakaa hivyo, kila mmoja akitazama jua la mwenzake. Kisha bibi akasema kitu.

"Anasema lichukueni," dada akatafsiri, "yeye amemaliza nalo."

Mama alicheka mpaka akatafuta pa kuketi. "Mwambie asante. Leo nina nguo za kuanika."

Bibi alifariki mwezi wa nane. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa Kyuso na watoto. Dada alitupigia tukijiandaa kwenda kanisani. Mama hakulia. Alimaliza kufunga kitambaa chake, tukaondoka.

Wakati wa maombi alisimama akasema amefiwa na rafiki. Mchungaji akamuuliza ni lini.

"Leo asubuhi," mama akajibu. "Lakini kwao ilikuwa bado Jumamosi."

Watu wakageuka kutazamana. Mama hakuketi.

"Ndivyo alivyoniambia binti yangu. Alikuwa mkulima kama nyinyi. Muombeeni."

Wakamwombea kwa sauti, kama mtu wa kijiji chetu.

Dada alibaki peke yake katika nyumba ile, akingoja watoto wa marehemu waamue mambo yao. Mama, ambaye miezi yote alikuwa mtu wa kungoja kupigiwa, akaniomba nimfundishe kupiga. Jioni ya kwanza nilimsikia akiwa jikoni, simu ikiwa kwenye spika.

"Umekula?"

"Bado, Mwaitu."

"Weka uji motoni. Mimi niko hapa, sikati."

Kisha kwa muda mrefu nilikuwa nasikia tu mwiko wa dada ukigusa sufuria.