Clovis Atafuta Mashine ya Kupita Topeni

Clovis Authement alizaliwa ndani ya boti. Mama yake alikuwa anapelekwa kwa mkunga, boti ikakwama topeni, na mtoto akaona hana sababu ya kungoja wakubwa wamalize kusukumana. Ndiyo maana, wasemavyo majirani, hajajua kutembea nchi kavu mpaka leo. Anayumba kama mlevi, na kinywani hajatia ila kahawa. Lakini mweke kwenye kinamasi nyuma ya kijiji cha Bayou Mahaut, mahali maji hayamlowanishi kunguru magoti, utamwona anavyonyooka.

Tope la kule si la kuchezea. Mwaka wa kile kimbunga kikubwa lilimmeza ng'ombe wa marehemu Télesphore, mzima na pembe zake, na siku ya Pasaka likatema kengele yake ya shingoni peke yake, imesuguliwa ikang'aa. Mashine ya kawaida ya boti, ile inayokunywa maji ili ipoe, ukiipeleka huko inakunywa tope, inakohoa mara mbili, na wewe unarudi nyumbani kwa mguu, kama mguu utautoa. Wawindaji wa bata hutumia mashine za namna nyingine, zinazopozwa na upepo, zenye pangaboi la chuma kigumu la kukata tope kama kisu kwenye siagi.

Ya Clovis ilikufa mwezi wa tisa, ikiwa na umri wa kuoa. Na kabla haijafa, bega lake la kulia nalo lilikuwa limekufa nusu, siku alipoanguka kutoka juu ya paa akirudisha mabati. Mkono ulikuwa unapanda mpaka usawa wa meza, basi. Kwa kula ulitosha. Kwa kuendesha boti, hapo ndipo palipokuwa na maneno.

Adley, kaka wa mke wake, alikuja kumpa pole na kumpa nafasi katika boti yake. Alisema kwa upole, huku anakula keki ya viazi vitamu ya dada yake, kwamba mtu mzima mwenye bega bovu kubebwa si aibu. Clovis alisikia vizuri sana kilichokuwa ndani ya upole huo. Kule kwao, anayekaa mbele katika boti ya mwenzake hachagui dimbwi, hasemi bata wa bandia, wa kuwavuta wale wa kweli, wapangwe wapi, na wakirudi ndiye anayenyonyoa manyoya ya bata wa nyumba zote mbili. Tena kuna Dimbwi la Kiatu. Atakayefika dimbwini wa kwanza siku msimu unapofunguliwa, ni lake mpaka msimu ufungwe. Clovis amefika wa kwanza pale tangu baba yake alipoacha kuwinda, na Adley amelitamani tangu hapo hapo.

"Asante, shemeji," alisema Clovis. "Nitanunua mashine."

"Kwa bega lipi?"

"Bega silo linalonunua."

Adley akachukua kipande kingine cha keki akaondoka, anapiga mluzi.

Kesho yake Clovis akaenda dukani kwa Verlie Pitre, mwanamke anayeuza mashine za boti, uduvi mbichi na mishumaa ya harusi, vyote juu ya meza moja, kiasi kwamba maharusi wengi wa kule wamefunga ndoa katika harufu ya uduvi. Verlie alimwekea mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mkia mrefu: injini ndogo, na fimbo ndefu ya chuma inayotoka nyuma ya boti kama mkia wa mamba, pangaboi nchani. Haina mambo mengi. Haijui kurudi nyuma, haina kitufe cha kuwashia, unavuta kamba tu. Ya pili ilikuwa ya mkia mfupi, nene, inang'aa, ina mkanda ndani, gia ya kurudi nyuma, na kitufe chekundu ambacho mtoto mchanga angeweza kukibonyeza kwa kidole cha mguu.

Verlie alimwambia ukweli wote, maana huwa hajui kuuza bila kusema ukweli, na ndiyo maana duka halikui. Ule mrefu ni mwepesi, unapanda juu ya visiki na kukata magugu, lakini mpini wake una nguvu za punda, unataka bega. Ule mfupi unaendeshwa hata na bibi kizee, lakini ni mzito, na boti yake Clovis, ya mbao za mvinje wa majini aliyoichonga baba yake, ni nyepesi kama ganda la karanga.

Clovis alikuwa keshaacha kusikiliza tangu kitufe chekundu. Verlie akamwazima zote mbili azijaribu.

Kosa lake halikuwa kujaribu. Lilikuwa siku aliyoichagua. Ilikuwa siku ya kupaka makaburi chokaa kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, na makaburi ya Bayou Mahaut yapo kando kabisa ya maji. Parokia nzima ilikuwa pale na ndoo na brashi. Clovis alitaka Adley aone. Basi Adley aliona, na padre aliona, na wote waliolala chini ya chokaa mbichi nadhani walijigeuza ubavu ili waone.

Alibonyeza kitufe chekundu. Mashine ikanguruma vizuri sana, nyuma ya boti ikazama, mbele ikanyanyuka, na ikaendelea kunyanyuka, mpaka boti ikasimama kama mtu anayeomba rehema, na Clovis amekaa nyuma kabisa, maji kifuani, ameshika usukani kwa heshima zote.

"Wekeni kitu kizito mbele!" alipiga kelele Adley kutoka juu ya kaburi la babu yake.

Kitu kizito kilichokuwa karibu kilikuwa Ozite, mke wa Clovis. Ozite hakuchukizwa. Ni mwanamke aliyejengeka, anajijua, na ndiye anayepika supu ya bamia ya sherehe ya kanisa katika sufuria ya chuma ambayo watu wawili wanaweza kuoga humo bila kuonana. Anaikoroga kwa kasia kuanzia asubuhi, unga na mafuta vya kuifanya nzito, bila kuacha, maana ukiacha unaungua. Akaweka brashi chini, akakunja sketi, akaingia, akakaa mbele. Boti ikashuka chini kama punda aliyetii. Wakaenda vizuri kama urefu wa kanisa, kisha wakakuta kisiki cha kwanza. Mkia mfupi haukupanda kisiki. Ulikikumbatia. Halafu magugu yakauzunguka mpaka ukawa kama kichwa cha bibi arusi ndani ya shela, na ikabidi wavutwe kwa kamba na wanakwaya.

Walirudi ufukoni, wakafunga ile mashine nyingine. Hapo watu walikuwa wameacha kabisa kupaka chokaa, na makaburi mengine mpaka leo yana upande mmoja tu mweupe.

Ule mkia mrefu ulikaa kwenye boti kama umezaliwa nayo. Mbele hapakunyanyuka hata kidogo. Clovis akavuta kamba kwa mkono wa kushoto, ikawaka. Akashika mpini kwa mkono wa kulia, na mpini ukamnyang'anya mkono. Boti ikageuka. Akaurudisha, ukamnyang'anya tena. Akazunguka mbele ya makaburi, akazunguka tena, uso umekuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na kila akipita mbele ya Adley, Adley anamsalimia upya, "Habari za safari, shemeji?" kama hawakuonana mwaka mzima.

Ozite, ambaye bado alikuwa ndani ya boti, aliona mume wake anauma midomo, na akajua si hasira, ni maumivu. Akaja nyuma akipepesuka. Akauweka mkono wake juu ya mpini, mbele ya mkono wa Clovis. Mpini ukavuta. Naye akauvuta, taratibu, kwa kiwiliwili kizima, jinsi anavyokoroga unga na mafuta. Boti ikanyooka. Akaubana chini kidogo, pangaboi likanyanyuka, kisiki kikapita chini yao kikiwakwaruza tu. Akaona magugu mbele, akayaingia makusudi. Yakakatika, vipande vikaruka, padre akajipangusa kimoja usoni.

Ozite aliporudi ufukoni macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya msichana aliyetoka dansini.

Clovis alizichukua mashine zote mbili mpaka nyumbani. Alikaa barazani, akanywa kahawa nyeusi inayoweza kusimamisha kijiko, akatazama zile mashine mbili chini ya mti. Moja angeweza kuiendesha asifike popote. Nyingine ingefika, ila si kwa mkono wake. Nyuma ya zote mbili alimwona Adley, ameketi Dimbwi la Kiatu, anatafuna keki.

Alikaa hivyo siku kadhaa. Ijumaa, msimu ukiwa unafunguliwa kesho yake, akaingia jikoni.

"Ozite. Kesho utakuwa na kazi gani?"

"Unauliza au unaomba?"

Clovis akajikuna shingo. "Naomba."

"Basi nisikilize, mzee wangu. Nikishika mpini mimi, wewe unakaa mbele."

"Najua."

"Na anayekaa mbele ndiye anayenyonyoa. Sikuitunga mimi sheria hiyo."

"Najua, mama."

"Kisha Adley akiuliza nani anaendesha, sitaki kusikia habari za bega. Utasema, 'Ozite, kwa sababu anaendesha vizuri kuliko mimi.'"

Hili lilikuwa gumu kuliko manyoya. Clovis alitazama sakafu, akatazama dari, akatafuta msaada kwenye picha ya Mama Bikira, naye Bikira alikuwa ametazama upande mwingine.

"Nitasema," akajibu.

Alfajiri walitoka. Nyuma yao waliona taa ya Adley, kisha wakasikia mashine yake, kubwa, ya mkia mfupi, inanguruma kama mlango wa jehanamu unaotaka mafuta. Iliwakaribia, ikawakaribia, mpaka walipofika penye visiki. Adley alijua vizuri kilichompata Clovis pale makaburini, akazunguka kwa mbali. Ozite hakuzunguka. Aliinama, akakoroga, wakapita juu ya visiki, tuk, tuk, tuk, Clovis ameshika kofia kwa mkono mzima na ukingo wa boti kwa ule mbovu, na wakatokea Dimbwi la Kiatu wakati mbingu inaanza tu kupauka.

Hapakuwa na mtu. Clovis akateremsha bata wa bandia majini, mmoja mmoja, mahali alipotaka yeye.

Adley alifika baadaye, akazima mashine, akawamulika kwa taa. Taa ilikaa mbele kwa Clovis, ikaenda nyuma kwa dada yake, ikarudi mbele.

"Nani anaendesha hapa?" aliuliza.

"Ozite," alisema Clovis. "Anaendesha vizuri kuliko mimi."

Adley akaishusha taa. Alikuwa amejiandalia maneno ya kumcheka mtu anayekana, na mtu hakukana.

"Na kuliko wewe," akaongeza Clovis, na hilo halikuwa katika mapatano, alilitoa mwenyewe bure.

Adley akageuza boti, akaenda kutafuta dimbwi lake. Muda mrefu walimsikia anapambana na magugu, na kumtaja mama wa magugu.

Kukawa kimya. Matete yakaanza kuonekana, kisha maji. Clovis akaweka viganja mdomoni akaita, ile sauti ya bata jike aliyeona chakula na hataki kukila peke yake, na huko juu kitu kikamjibu. Akaifikia bunduki kwa mkono wa kushoto.

"Clovis," Ozite akanong'ona nyuma yake.

"Nyamaza, wanakuja."

"Kule mwisho wa dimbwi kuna nini?"

"Matete. Nyamaza."

"Hujawahi kwenda?"

"Ozite, nakuomba."

Akasikia kamba ya kuwashia inaguswa, taratibu sana, na vidole vya mtu anayejizuia.