Madamu Anayeongoza kwa Kunyamaza

Saa nane mchana, Jumamosi. Madamu anakokota viti vya chumba cha semina, anavipanga duara. Siku za kazi anafundisha Kiingereza sekondari. Leo yeye ni mwanafunzi wa uzamili wa somo hilohilo, na zamu ya kuongoza mjadala ni yake.

Ni zamu ya marudio, maana ya kwanza ilimwendea kombo. Kozi hii ina sheria moja: anayeongoza hajibu swali lake mwenyewe. Yeye aliuliza, akajibu, akauliza tena, akajibu, kisha akawataka watu wazima waitikie kwa pamoja.

"Mhadhiri akaniambia, 'Dada, umefundisha vizuri, lakini hukuongoza,'" anasimulia akicheka. "Leo nikiboronga, narudia kozi nzima."

Wiki nzima usingizi ulimruka. Ndipo akamkumbuka marehemu mama yake, fundi cherehani, na kibaraza chao. Jioni majirani walikuja kusikiliza mchezo wa redio. Ukiisha, mama alizima redio na kutupa swali: "Ungekuwa wewe, ungemrudia yule mume?" Kisha akainamia cherehani kama vile hayupo.

"Hapo sasa! Shangazi anabisha, jirani anaapa, mama kimya anashona," anasema, macho yakimlowa. "Natamani nirudi pale, hata jioni moja tu."

Wanafunzi wenzake wanaingia. Riwaya ya leo inamhusu mama aliyeuza nyumba ya familia bila kumwambia mtu.

"Ingekuwa nyumba yenu," anauliza Madamu, "ungemsamehe?"

Wanapekua kurasa. Mtu anakohoa. Jibu limemjaa Madamu mdomoni, inaonekana wazi. Anafungua mkoba, anatoa shati la shule la mwanawe, sindano na kifungo, anaanza kushona.

"Mimi simsamehe," anasema mhasibu mmoja ambaye tangu kozi ianze hajafungua mdomo.

"Kwa nini, na nyumba ni yake?" anadakia muuguzi.

Basi, hapakaliki. Mhadhiri naye anajaribu kuingilia, anaambiwa asubiri zamu yake. Mwishowe anamwambia Madamu, "Umepita, dada."

Jumatatu, Madamu atayapanga duara madawati ya kidato cha pili.

"Wanangu wale mashati yao hayana vifungo," anasema akikunja la mwanawe. "Sitakosa cha kufanya wakati wao wanaongea."