Katuni Mbovu Niliyomsimulia Milembe

Deki yetu ya DVD ikishapata moto ilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Jumapili saa nane mchana, sebuleni kwetu Kimamba, harufu hiyo ilichanganyika na ya gunia la katani nililolitundika dirishani kuzuia mwanga, na ya mvua ya masika iliyokuwa imeliloanisha gunia lenyewe. Kwangu mimi mchanganyiko huo ulikuwa na maana moja tu: leo kuna mtu atachukuliwa na treni. Nilikuwa darasa la sita. Niliketi sakafuni, karibu na ile TV yetu ya zamani ya chogo kiasi kwamba mama alipiga kelele kila mara kuwa nitaharibu macho, na nilikuwa na furaha ambayo, nasema kweli, hata siku ya harusi yangu sikuipata namna ile. Leo nikipita kwa fundi anayechokonoa redio nikasikia harufu hiyo, moyo unanienda mbio.

Katuni yenyewe aliileta mjomba Aidani, mdogo wake mama. Alikuwa na kibanda Mikumi, kando ya barabara kuu, akitengeneza simu na kurusha muvi kwenye flashi za madereva wa malori. Kila Jumapili alitujia na sehemu mbili tu, wala si zaidi, kwa sababu alijua raha ya kusubiriwa. Ilikuwa katuni ya Kijapani, ya kutisha, sehemu kumi na mbili kwa jumla, maneno ya Kiingereza yakipita chini, na mjomba alikaa pembeni ya TV akitutafsiria kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Ilihusu mji mdogo wenye kituo cha treni kilichofungwa miaka mingi. Mvua ikinyesha, treni isiyokuwepo inapiga honi mara tatu, na mwanafunzi mmoja anapotea. Msichana aitwaye Nao anataka kujua wanapelekwa wapi. Sasa fikiria unaitazama hiyo Kimamba, masika yamepamba moto, mvua inatwanga bati, na reli ya kati iko nyuma ya nyumba yenu. Katikati ya sehemu ya pili treni ya mizigo, ya kweli kabisa, ilipiga honi. Mdogo wangu aliingia uvunguni, na mjomba, mtu mzima na ndevu zake, alidondosha kikombe cha chai.

Lakini ilikuwa mbovu, na niliujua ubovu wake tangu wakati ule. Teru, rafiki wa Nao, alikufa sehemu ya tatu, tukamlilia. Sehemu ya sita yuko mezani anakula wali, na hakuna hata mmoja anayeshtuka. Mama, mzee wa kanisa, aliyekuwa akipita na beseni la vyombo, alisimama akauliza, "Huyu si alizikwa?" Mjomba akasema labda kaburi halikufungwa vizuri. Kituoni kulikuwa na mzimu, nao mwanzoni uliogopa maji, halafu ukaja kutokea mtoni, umelowa chapachapa. Sehemu nzima ya saba mwalimu mkuu alisimama dirishani akieleza mambo, na alipomaliza tulikuwa tunajua pungufu ya tulichokijua mwanzo. Sehemu ya nane watu wameshapotea wanane, mji mzima uko kwenye msiba, na wanafunzi wanakwenda zao kuogelea baharini! Na bado sikuweza kubanduka. Mvua ilivyochorwa ikiteleza kwenye kioo cha behewa, kinanda kilivyopiga noti moja na kunyamaza, Nao alivyogeuka taratibu kabla ya honi ya tatu. Vitu hivyo ndivyo vilivyonirudisha. Jumapili hadi Jumapili nilihesabu siku kwa vidole.

Raha nyingine ilikuwa Jumatatu, nayo ilikuwa ya watu wawili. Milembe alikaa nami dawati moja. Wazazi wake walikuwa Wasukuma wafugaji, waliokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa na kujenga mbali huko nje, zaidi ya mashamba ya zamani ya mkonge, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kwao hapakuwa na umeme. Wakati wa mapumziko, tukishakunywa uji, tulikwenda nyuma ya darasa nikamsimulia sehemu zote mbili, na honi, na kinanda, na sauti ya mjomba. Milembe alisikiliza kama hakimu. Hakuacha kitu kipite. "Ngoja kwanza," angesema, "kama unaogopa maji, mtoni umefikaje?" Maswali hayo yaliniumiza kuliko kama katuni ningeitunga mimi.

Ndiyo maana Jumatatu baada ya Teru kula wali nilifanya kosa. Nilimwona Milembe anavuta pumzi ili aulize, nikamwahi. Nikasema huyo siye Teru, ni pacha wake, aliyelelewa kwa bibi yao kijijini. Loo, Milembe alivyofurahi! Alipiga makofi. Basi Jumatatu iliyofuata nikampa pacha huyo jina, nikampa kovu mkononi, nikampa siri waliyoijua yeye na bibi tu. Katika simulizi yangu mwalimu mkuu hakusimama dirishani kueleza, pacha ndiye aliyegundua kila kitu. Kuogelea sikukutaja kabisa. Nilitembea kurudi nyumbani nimevimba kichwa, nikiamini nimeisaidia katuni.

Sikujua kwamba Milembe alikuwa anamsumbua baba yake amruhusu aje kumwona pacha yule. Jumapili ya tano alitokea mlangoni kwetu, miguu imejaa tope hadi magotini, amevaa gauni la kanisani. Alimwamkia mama shikamoo, akapewa taulo na chai, akakaa kando yangu sakafuni. Badala ya kufurahi nilianza kuhesabu ni mara ngapi nilikuwa nimemtaja pacha. Sehemu ya tisa ikaanza, Teru akapita, akapita tena. Milembe akamgeukia mjomba kwa adabu zote: "Samahani mjomba, pacha wake atatokea saa ngapi?"

"Pacha gani, mama?" mjomba akamuuliza.

Milembe alinitazama mara moja tu. Alitazama hadi mwisho wa sehemu ya kumi, maana umbali aliotembea haukuwa mdogo, kisha akamshukuru mama akaondoka. Jumatatu alihamia dawati la mbele. Nilipomfuata wakati wa uji alisema, "Mimi siwezi kuja kuona kila Jumapili. Nilikuwa naona kwa macho yako." Akaondoka na kikombe chake. Wiki nzima sikusikia tena sauti yake, na niliona haya ambayo hadi leo nikiikumbuka najikunyata.

Jumapili ya mwisho mjomba alileta sehemu ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Kesho yake Milembe hakuja shule. Mwalimu wa darasa alituambia familia yao inahamia Lindi, ng'ombe walishatangulia, na lori la vyombo linaondoka siku hiyohiyo. Kengele ya kutoka ilipolia nilikuwa nimeshafunga daftari. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia tena, kupitia barabara zile nyekundu za katikati ya mkonge, ndala zangu mkononi kwa sababu ya tope. Nililikuta lile lori la Fuso bado lipo. Nikamwamkia baba yake, akaitikia marahaba bila kuacha kufunga kamba. Milembe alikuwa amesimama na kuku wawili kwapani.

"Nimekuja kukwambia mwisho," nilisema, nikihema.

"Wa kweli au wa kwako?"

"Wa kweli. Lakini ni mbaya."

"Sema."

Nikasema. Yule msichana, Nao, anapanda ile treni mwenyewe kwenda kuwatafuta waliopotea. Mlango unajifunga. Hapo sisi wote tumeshika roho mikononi. Halafu ghafla jua linawaka, kituo ni kipya, na watu wote, waliokufa na waliokuwa hai, wamesimama wanacheka na kupunga mikono. Kinanda kinapiga. Imeisha.

"Treni ilikuwa inakwenda wapi?"

"Hawakusema."

"Nani alikuwa anapiga honi?"

"Hawakusema."

"Na Teru?"

"Anapunga mkono tu."

Alinikazia macho, kuku wakimkukurikia ubavuni, akitafuta kama kuna mahali nimeongeza. Kisha niliona mdomo wake unaanza kucheza. Aliniamini, kwa sababu alijua kabisa kwamba mimi nisingeweza kutunga kitu kibovu kiasi kile. Alicheka hadi kuku mmoja akamponyoka, tukamkimbiza sote wawili kuzunguka lori, tukianguka kwenye tope, baba yake akituuliza kama tumerukwa na akili. Tulipomkamata, Milembe alinishika mkono akasema, "Pacha wako alikuwa bora. Ila ungeniambia ni wako." Kisha akapanda juu ya magodoro.

Siku hizi nafanya kazi ofisini Kilosa mjini, na katuni za kutisha naziangalia kwenye simu, zote kwa mkupuo, bila kumngoja mtu kutoka Mikumi. Zipo nzuri mno, ambazo kila kitu kinajibiwa na hakuna maiti anayekula wali. Nazitazama nikaridhika, kesho yake nimezisahau. Mwaka huu niliitafuta ile ya treni nikaipata. Kiingereza sasa nakijua, na naomba radhi kwa mjomba Aidani, maana muda mrefu nilimshuku: alitafsiri sawasawa, ubovu ni wao wenyewe. Mtandaoni, chini ya katuni hiyo, watu wengi wameandika kuiponda, na kila wanachosema ni kweli. Mimi niliimaliza kwa siku moja nikiwa nimesimama nusu ya muda, nikipiga kelele, mume wangu akichungulia kuona kuna nini, na honi ya tatu ilipolia nywele zilinisimama kama zamani.

Milembe sijampata. Wakati ule hakuna aliyekuwa na simu kati yetu, na Lindi ni kubwa. Natumaini alikofika kulikuja umeme, na kwamba siku moja mtu alimwekea sehemu ya kumi na mbili akaitazama hadi mwisho. Kama aliitazama, basi anajua kwamba siku ile, kando ya lori, sikuongeza hata neno moja.