Ukuta Uliolia Harusini Chundwa

Sikuwa na nia ya kutoka Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, mwezi ule. Kazi zilikuwa zimenijaa, joto lilikuwa kali, na mimi na boti za kasi hatupatani. Lakini Ma Rukia, mdogo wake mamangu aliyeolewa Chundwa, akipiga simu haombi. Huamrisha.

"Nuru, niletee ule ukuta wako," aliniambia. "Zuhura yuaolewa."

Kwa asiyeujua, ukuta wangu ni hivi. Tangu usichana wangu nachora hina na piko, ile rangi nyeusi, maharusini, na siku hizi tuna kundi letu dogo la wachoraji hapa Mkomani tunaochora kwa kompyuta pia. Mradi mmoja wa sanaa ulitupa programu ya akili mnemba inayosoma hisia. Kamera hukutazama usoni, programu hukisia moyo wako ukoje, kisha projekta humwaga ukutani michoro yangu inayolingana na hisia hiyo. Ukifurahi, yasmini za dhahabu hufunguka. Ukikasirika, moto huwaka. Ukihuzunika, mvua ya buluu hunyesha toka juu hadi chini. Haihifadhi sura ya mtu, na hilo nililisimamia mwenyewe, maana harusini kwetu simu hukusanywa mlangoni na picha ni mwiko.

Ma Rukia hakuutaka ukuta kwa pambo. Zuhura, bintiye, alikuwa amekataa posa mbili akitaka kusoma Mombasa. Alipoikubali ya tatu, ya kijana wa mji jirani wa Faza anayetengeneza mashine za boti, watu wakasema amelazimishwa. Midomo haina mapumziko! Maneno yakafika Faza kwa mama wa kijana, Bi Khadija, naye akatuma jibu: ikiwa msichana hataki, nikaha haisomwi.

"Nataka wamuone ana furaha kwa mato yao wenyewe," alisema Ma Rukia. "Ukuta hausemi urongo."

Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwitikia.

Asubuhi ya safari tulitoka Lamu mapema, kwa sababu maji yakipwa njia ya Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, haipitiki. Nilikumbatia sanduku la projekta kama mtoto mchanga, nikalifunga jaketi la kuokolea. Nahodha akauliza mbona jaketi nimelivika sanduku na mwenyewe nimekaa hivi hivi.

"Mimi naelea," nikamjibu. "Hii haielei."

Abiria wakacheka, naye akanirushia jaketi jingine. Ndani ya Mkanda palikuwa shwari, mikoko huku na huku, na mama mmoja akapitisha sambusa boti nzima. Tulipotoka kwenye maji mapana kicheko kikakatika. Boti iliruka, ikapiga, ikaruka tena, na mimi nikasoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani na nyingine nikatunga.

Faza tulikuta maji yamekwisha kupwa. Nikateremka na buibui nimelikunja hadi magotini, sanduku kichwani, tope likinivuta kiatu. Kimoja kilibaki huko, na akikiona mtu ni chake, nimekisamehe.

Ma Rukia alikuwa ameniagiza nipite kwanza kwa Bi Khadija nimsalimie. Nilimtarajia mkali. Nikakuta mama mfupi, mcheshi, aliyenitia maji miguuni kwa mkono wake na kunipa kahawa ya tangawizi kabla hajaniuliza jina.

"Nasikia umeleta kitu kinachosoma moyo," akasema.

"Kinasoma uso, Bi Khadija. Moyo kinakisia."

"Kikisie vizuri basi." Akaweka kikombe chini. "Dadangu aliozwa kwa nguvu. Nilikuwa mdogo, lakini maisha yake nimeyaona mpaka alipozikwa. Sitaki mwanangu awe mume wa namna ile. Usinione nina makeke, mwanangu. Naogopa."

Nilitoka pale nampenda, nikamhurumia pia. Tukapakia bodaboda mbili, moja yangu, moja ya sanduku, ile ya sanduku ikienda pole kuliko yangu kwa amri yangu. Njia ya Chundwa ni mchanga na minazi na punda wasiojua kupisha. Dereva wangu aliniuliza kama ninabeba televisheni. Nikamweleza. Akapunguza mwendo.

"Basi mimi usiniweke mbele yake," akasema. "Mke wangu atajua mengi."

Chundwa nilipokelewa na moshi wa pilau na Ma Rukia mwenyewe, sauti imemkauka kwa kuamrisha. Zamani bibi harusi akitolewa nde, yaani hadharani atazamwe, baada ya nikaha, lakini siku hizi kila nyumba ina mpango wake. Ma Rukia alipanga wanawake wamtazame Zuhura alasiri ile, na nikaha isomwe kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Nikamchora Zuhura piko mikononi, kisha tukawasha jenereta, tukatandika shuka jeupe ukutani, nikaijaribu kamera kwa wapishi. Yasmini, yasmini, yasmini! Mmoja aliyeungua kidole akapata moto, na jiko zima likapiga makofi. Nikaona mambo yametengenea.

Baada ya Alasiri ukumbi ulijaa. Simu zote zilikuwa ndani ya beseni mlangoni. Bi Khadija aliwasili na wenzake wa Faza, akakaa mbele kabisa. Udi ukafuka, vigelegele vikapanda, Zuhura akaingizwa taratibu, dhahabu shingoni, piko yangu mikononi, akaketishwa kitini. Nikaigeuza kamera kwake.

Mvua ikanyesha.

Si manyunyu. Mvua ya masika, buluu nzito, ukuta mzima. Vigelegele vikafa kimoja kimoja mpaka ikabaki sauti ya jenereta uani. Nilibonyeza hiki, nikabonyeza kile, mvua ikazidi. Nikamtazama Zuhura, na ndipo nikaelewa, lahaula, nikatamani ardhi inimeze.

Alikuwa amekaa kama bibi harusi. Basi. Kope chini, midomo imefungwa, shingo imeinama, hatazami mtu, hatabasamu. Somo wake, mama wa kumfunda, alikuwa amemfunza wiki nzima kukaa vile, kama sote tulivyofunzwa. Bibi harusi anayechekacheka kitini kwetu huambiwa hana haya. Mimi nimewapamba mabibi harusi wasio na idadi, nawajua kama ninavyovijua vidole vyangu, na haikunipitia akilini hata mara moja! Programu ilifunzwa kwa nyuso za watu wa mbali, ambao kwao mtu akiinamisha macho na kufunga mdomo ana msiba.

Bi Khadija akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Rukia, binti yako analia. Nikaha haisomwi."

"Halii!" Ma Rukia akaruka. "Khadija, wewe siku yako ulicheka?"

"Nicheke? Mamangu angenitia kofi mbele za watu."

"Na mume ulimtaka, hukumtaka?"

Hapo Bi Khadija akasita, na wenzake wa Faza wakaanza kucheka chini kwa chini. Mmoja akasema, "Huyu? Alikuwa akichota maji mara nne kwa siku ili apite dukani kwa huyo bwana!"

"Basi njoo ukae hapa," Ma Rukia akamshika mkono. "Kaa kama ulivyokaa siku ile."

Akaketi kando ya Zuhura, kwa kulazimishwa nusu na kutaka nusu. Akavuta pumzi. Kope zikashuka, shingo ikainama, midomo ikafungika, na mama yule mwenye wajukuu akawa mwari mbele ya macho yetu. Nikamgeuzia kamera.

Gharika!

Ukumbi ulilipuka. Wanawake wakagombea kiti. Akaja aliyeolewa juzi, mvua. Akaja bibi asiye na meno, aliyetuchosha kwa hadithi za mapenzi ya marehemu mumewe, mvua. Wapishi wakaacha pilau, wakaja na miko mikononi, wakainamisha nyuso, mvua, mvua tupu, watu wameshikilia mbavu. Sijapata kuona onyesho la sanaa zuri kama lile, na sikulitengeneza mimi.

Bi Khadija ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alikuwa bado kitini, akiitazama mvua.

"Hata dadangu alikaa hivi hivi," akasema. "Uso ule ule. Sote tukasema mashallah, ana haya. Hakuna aliyemuuliza. Nuru, zima hicho kitu."

Nikazima. Shuka likabaki jeupe. Bi Khadija akainama, akavuta mtandio wa Zuhura ukawafunika wawili, akamnong'oneza sikioni. Hatukusikia swali. Ma Rukia aliushika mkono wangu akauminya hadi kucha zikaniingia. Kisha midomo ya Zuhura ikacheza chini ya mtandio, na Bi Khadija akanyanyuka, akavua bangili yake, akamvisha, na kigelegele alichopiga sidhani kama Faza hawakukisikia.

Ma Rukia akaketi sakafuni akalia, yeye pekee siku ile aliyelia kwa machozi.

Ijumaa nikaha ilisomwa. Kabla sijaondoka nilimkuta Zuhura chumbani, uso umeachiwa huru, anakula halua. Nikamuuliza jana alimwambia nini mkwewe.

"Hayo ni yetu," akasema. "Lakini huo ukuta wako ni mpumbavu, dada. Nilikuwa nimebana kicheko, naogopa meno yasitoke!"

Nilirudi kwa boti ya Jumamosi, na ndara za kuazima, na pilau ya kutosha nyumba nzima. Bahari ilikuwa tulivu, nami nikawa na nafasi ya kufikiri.

Mkomani wenzangu waliangua kicheko, kisha wakataka tuirekebishe programu mara moja. Rahisi tu, walisema: tuifunze kwamba uso ule ni furaha, ijaze yasmini. Karibu nikubali. Lakini nikamkumbuka dada yake Bi Khadija. Tungemmwagia maua yule maskini, tukapiga vigelegele mara ya pili.

Kwa hiyo tumefanya jingine. Sasa mtu akiketi mbele ya ukuta wetu na kuinamisha uso namna ile, hapanyeshi mvua wala hapachanui ua. Shuka hubaki jeupe, na katikati, kwa mwandiko wangu wa piko, hutokea neno moja: Muulize.

Wageni hudhani imeharibika. Wanawake wa hapa huvuta kiti, wakasogea karibu.