Mara Tisa Mzungu

Bi Verlene Stubbs ni jirani yangu, na kila Jumapili tunasimama pamoja mlangoni mwa kanisa, glovu nyeupe mikononi, tukiwaonyesha watu viti. Ni mweusi tititi kama mimi, na hasamehi. Mchungaji ameshachoka kumwambia.

Alipika miaka kumi na minane katika jiko la shule hapa Harlow Bend, Missouri. Mwaka jana akaja afisa wa polisi Kirby Rusk, akawa anamsimamisha asubuhi akiendesha gari kwenda kazini, mara taa ya nyuma, mara amekanyaga mstari, na kila mara alianza na swali lile lile: "Unajua kwa nini nimekusimamisha?" Hakumtoza faini hata siku moja, alimwandikia karatasi ya onyo tu. Lakini alimweka kando ya barabara mpaka watoto wakakosa chai. Mara ya tisa, shule ikamfukuza.

"Kazi yangu kaila," aliniambia. "Na yake nitaila."

Karatasi zote tisa zilikuwa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo na nyuzi. Wanawake wa kanisa letu hatutupi karatasi ya serikali.

Sheria ya jimbo inamtaka polisi aandike rangi ya kila dereva anayemsimamisha, na kila mwaka ripoti itolewe. Mkuu wa polisi aliisoma mbele ya baraza la mji, kifua mbele: Rusk hakusimamisha mtu mweusi hata mmoja.

Bi Verlene akainuka na kopo lake, akamwendea Rusk aliyekaa mbele, akampa karatasi ya kwanza.

"Kirby, mwanangu, wasomee watu hapo penye rangi."

"Mzungu," akasoma Rusk, sauti ndogo.

"Na hii?"

"Mzungu."

Alimsomesha zote tisa.

"Nilikosea kisanduku, Bi Verlene."

"Mara tisa? Mchana kweupe, uso kwa uso? Laiti marehemu mama yangu angekuwepo umweleze!"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Nilifurahi kumwona Rusk alivyoiva uso kwa aibu, sitaficha.

Baada ya wiki mbili alifukuzwa kazi. Mama yake alileta pai ya pichi, akimsihi Bi Verlene amwombee mwanawe kwa baraza. Bi Verlene alipokea pai, akafunga mlango. Tuliila yote.

Siku hizi Rusk hubeba mizigo ya wateja dukani. Jumamosi alimpakia Bi Verlene viazi kwenye gari. Alipogeuka kuondoka, Bi Verlene alimwita, akashusha kioo taratibu, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Unajua kwa nini nimekusimamisha?"

"Hapana, mama."

"Basi leo nakuachia na onyo tu. Nenda."